Ulimi wa Baba Mkwe

Rachidi alipoambiwa atoe ulimi, kwanza alitazama mlango, kuona kama bado uko wazi.

Si kwamba hakujua kutoa ulimi. Mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, fundi wa mageti anayejulikana Bujumbura, kuanzia mtaa wa Buyenzi mpaka Kigobe, anajua vizuri ulimi wake uko wapi. Tatizo lilikuwa mkalimani. Kando ya daktari Mchina, ndani ya koti jeupe lililopigwa pasi kwelikweli, alisimama Anouar. Na Anouar ndiye aliyemposa binti yake Saliha, posa imekwisha pokewa, harusi inangoja Idi ipite tu. Yaani mkwe. Huyu ni kijana ambaye akimwona Rachidi anakuja njiani hushuka kando ya barabara, akainamisha macho mpaka baba apite. Leo macho yalikuwa yameinama vilevile, ila mdomo ulilazimika kufanya kazi.

"Baba… daktari anaomba… kama haitakusumbua… umuonyeshe ulimi."

"Ulimi wangu mi?"

"Njo vile anasema, baba."

Daktari Shen alikuwa mama mfupi mwenye miwani, hana haraka wala aibu. Alipoona mgonjwa anasitasita akautoa wa kwake, mrefu, wa waridi, kuonyesha mfano. Rachidi akafumba macho akatoa ncha tu, kama mtu anayeonja chumvi kwenye sufuria ya watu. Daktari akasema neno. Anouar akakohoa.

"Anasema wote, baba."

Akautoa wote. Anouar akageukia ukutani, akaanza kusoma kalenda kwa makini, na kwa hilo Rachidi alimshukuru moyoni.

Angejua, asingekuja. Mtaa mzima ulijua kwamba Anouar alirudi kutoka China na diploma ya kujenga madaraja, na kwamba sasa anafanya kazi kwa Wachina. Rachidi alidhani ni Wachina wa barabara. Hakufikiri kwamba nchi ikiwa vitani hakuna anayejenga daraja, na kijana anayetaka kuoa hushika kazi yoyote anayoipata.

Kilichomleta kwa daktari huyu, huku Mutanga Nord, ni mkono wa kushoto. Siku moja karakanani vidole vilikufa ganzi, chuma kikamponyoka. Prudence, muuguzi wa zahanati ya mtaani, alimfunga ule mpira mkononi, akapuliza, akatazama kipimo, na uso ukambadilika.

"Ni tansiyo, papa Rachidi. Presha ya damu iko juu sana. Mishipa ya damu imechoka. Ikipasuka mumoja mu kichwa, itabeba mukono, ao mguu, ao ulimi."

Mkono na mguu alivisikia tu. Ulimi ndio uliomwingia. Maana baada ya Idi yeye ndiye walii wa Saliha, ndiye wa kushika mkono wa bwana harusi na kutamka mbele ya watu, "Nimekuozesha binti yangu." Shehe angeweza kumsemea, ndiyo, sheria inaruhusu. Lakini Rachidi alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na maneno yale aliyataka yatoke kinywani mwake mwenyewe.

Vidonge alipewa. Ila ilikuwa miaka ya ambargo, nchi imewekewa vikwazo, dawa zinaingia mjini kwa njia za panya na bei zake hazishikiki. Basi Rachidi akaona busara kumeza kimoja kila Ijumaa, kwa kuwa ni siku tukufu, ili vidumu. Ndipo mteja wake mmoja, Madame Marguerite wa Kigobe, alipomsifia daktari Mchina anayetibu mishipa kwa mizizi. Na ndiyo maana sasa alikuwa amekaa hapa, ulimi umerudi ndani, akingoja maswali.

Swali la kwanza Anouar alilisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kunyoosha kola ya koti.

"Amesema nini?" Rachidi akauliza.

"Anauliza… habari za asubuhi, baba."

"Nzuri, alhamdulillahi."

"Apana, anauliza… mutu akiamuka… akienda pale inje… kule nyuma ya nyumba…"

Rachidi akaelewa. Jasho likamtoka chini ya kofia. Ukweli ni kwamba huko nyuma ya nyumba hakuwa na habari ya kusimulia tangu Ijumaa iliyopita, na hii ilikuwa Alhamisi. Lakini ukweli wa namna hiyo unamwambiaje kijana atakayekula pilau nyumbani kwako?

"Hakuna shida kabisa," alisema kwa sauti ya mtu anayesifiwa.

"Anauliza mara ngapi kwa siku."

Rachidi akatafuta hesabu ya mtu mzima mwenye afya na heshima zake, na iliyomjia upesi ni ile inayomjia Mwislamu yeyote.

"Mara tano."

Anouar akatafsiri. Daktari Shen akainua nyusi, akaandika sana. Baada ya hapo mambo yakaenda kwa kasi. Vidonge vya hospitali anameza? Kila siku. Chumvi? Kidogo sana. Usingizi? Kama mtoto mchanga. Likaja swali moja ambalo Anouar alilipokea, akalimeza, akatoa salamu badala yake: "Anawasalimia nyumbani." Rachidi akasema nyumbani wote ni wazima, wanasalimia pia.

Swali la kweli pekee siku ile lilitoka kwake yeye Rachidi, alipokabidhiwa bahasha za mizizi, magome na maua makavu.

"Muulize, mwanangu, muna nguruwe mule?"

Hamna. Basi akaenda zake, heshima yake haijapata hata mkwaruzo.

*

Dawa ilichemshwa katika chungu, na harufu yake ikatembelea Buyenzi nyumba kwa nyumba. Jirani mmoja alikuja kuuliza kama kuna mpira unaungua. Bibi Asiya, mama yake Rachidi, mwanamke wa zamani sana mwenye meno machache na maneno mengi, alisogeza mkeka wake mpaka kibarazani.

"Baba yako alikufa bila kunywa matairi," alisema. "Na alikufa vizuri."

Khadidja, mke wa Rachidi, alipima, akachuja, akasimama mbele yake mpaka bilauri ikauke. Alikuwa mke wa namna hiyo: hasemi sana, hasogei. Rachidi akanywa asubuhi, akanywa jioni, akavimba tumbo. Kila akinywa, njia inazidi kufunga. Kichwa nacho kikawa kinagonga kwa ndani, taratibu, kama fundi mwanafunzi. Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Kazi haikungoja. Vita ilikuwa imewapa mafundi wa mageti neema wasiyoiomba: kila mwenye nyumba Kigobe na Mutanga Nord alitaka geti, na mwenye geti alitaka refu zaidi. Madame Marguerite, afisa wa wizara, mjane, alikuwa ameagiza la tatu katika ukuta uleule.

"Ongeza juu, Rachidi. Tena nusu mita."

"Mama, risasi haibishi hodi kwa geti," Rachidi akacheka. "Utafunga mpaka jua lishindwe kuingia."

"We cheka. We hauogope kitu."

"Mi niogope nini? Muoga njo ananilisha."

Alipenda kulisema hilo, na alilisema Kigobe nzima. Akapanda ngazi, akainua mkono kushika bawaba, na ukuta ukapinda. Aliona anga, akaona viatu vya mlinzi, kisha hakuona kitu.

Alipozinduka alikuwa anaelea. Walinzi wawili wa Madame na msaidizi wa dereva walikuwa wamemlaza juu ya kipande kimoja cha geti alilolitengeneza mwenyewe, wamekibeba mabegani, wanatembea naye kuelekea kwenye pikapu. Watoto walifuata wakidhani ni maiti. Rachidi alitamani ardhi immeze, lakini kati yake na ardhi palikuwa na chuma, tena chuma kizuri, cha kwake. Madame Marguerite alikimbia kando akipangusa macho kwa leso.

"Pole, Rachidi! Pole sana! Utapona!" Kisha, pikapu lilipoanza kuondoka: "Na geti yangu ikirudi leo itakuwa vizuri, kuko usiku!"

*

Nyumbani, Prudence alipima tena, akapima mara ya pili kwa kutoamini. Alimchoma sindano, akawatazama Khadidja na Saliha, akashusha sauti.

"Hii ilikuwa onyo. Ingine ikikuja hivi, harusi ataiona na macho tu. Kusema hatasema."

Saliha alitoka nje akalie jikoni. Khadidja hakulia. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akafungua mkono wake, na ndani yake mlikuwa na vidonge, karibu vyote alivyopewa.

"Baba Saliha. Hivi ni vya nini?"

"Nameza Ijumaa."

"Ijumaa." Akafumba mkono. "Ulimwambia nini ule daktari?"

Rachidi akageukia ukuta. Polepole, neno kwa neno kama mtu anayeng'olewa jino, akatoa yote: kalenda, mara tano, usingizi wa mtoto mchanga. Alipofika kwenye mara tano, Bibi Asiya alianza kutikisika kwa kicheko kibarazani, na hakuacha.

"We mutu mzima," Khadidja akasema, na sasa sauti ilimpanda. "Daktari ametibu mutu mwingine! Dawa ya kufunga tumbo, mutu amefunga wiki nzima! Unataka kufa juu ya aibu?"

"Mbele ya mukwe, Mama Saliha! Ningesema nini? Nimweleze Anouar habari ya choo changu, kesho nimushike mukono, nimwambie nimekuozesha?"

"Tutafute mukalimani mwingine."

"Wapi? Mutu anajua Kichina hapa Buja ni Anouar. Na huyo daktari, kwa Kifaransa anajua 'bonjour' na 'payez là', lipa pale."

"Basi mi nitaenda, nimwambie."

Khadidja mwenyewe aliposikia alichokisema akafunika mdomo. Baba mkwe kusema vile ni aibu. Mama mkwe kusema vile mbele ya mkwewe wa kiume, bora nyumba ivuke mpaka ihamie Uvira. Saliha, aliyekuwa amerudi na macho mekundu, alisema kwa sauti ndogo kwamba kama ni hivyo, posa irudishwe. Anouar akiacha kuwa mkwe, baba ataweza kusema.

Alikuwa anamaanisha. Rachidi alimtazama binti yake, na kitu kikamkata kuliko tansiyo yote.

"Nani anarudisha posa?" Bibi Asiya akauliza, akiingia huku akijishika ukutani. "Munibebe na mimi kesho. Ule kijana ni bwana yangu."

Wote wakamtazama. Kisha Khadidja, kwa mara ya kwanza tangu adhuhuri, akatabasamu, maana ilikuwa kweli tupu na hakuna aliyeikumbuka. Bibi na mume wa mjukuu ni watani. Kwa Anouar, Rachidi ni baba na Khadidja ni mama, na hao hawatazamwi usoni. Lakini Bibi Asiya ni mke wake mkubwa, na Saliha ni mke mwenza. Bibi anaweza kumwambia lolote, naye akalijibu, na hakuna atakayedondosha heshima yake.

*

"Bwana yangu!" Bibi Asiya alipiga kelele mlangoni. "Umekonda. Ule mwenzangu anakupikia nini?"

Anouar alicheka kabla hajajizuia. "Hajaanza kunipikia, bibi. Tunangoja Idi."

"Basi mi nitakupikia leo. Leta kiti. Mwambie mama huyu asikilize, juu mi sitarudilia."

Rachidi aliketi pembeni, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi. Mpango ulikuwa kwamba yeye hayupo. Yupo mwili tu.

Bibi Asiya akaanza. Hakuanza juzi; alianza siku ambayo Rachidi alizaliwa, akasema hata siku ile alichelewa kutoka. Akasimulia dagaa, zile ndagala zinazonunuliwa zimekauka kwa chumvi na mwanawe akaziongeza chumvi. Akasimulia mishikaki ya mbuzi yenye mafuta inayoliwa njiani kabla ya kufika nyumbani, na mboga ya lengalenga inayosukumwa pembeni ya sahani kama uchafu. Akataja vidonge vya Ijumaa. Anouar alitafsiri akijitahidi uso usicheze, na kalamu ya Daktari Shen ilikuwa inakimbia.

"Na hii mara tano," Bibi akasema.

"Ndiyo, bibi?"

"Tano ni swala! Choo, huyu anakitafuta kama mwezi wa Idi. Anatoka, anaangalia, anarudi, anasema haujaonekana."

Anouar alijaribu. Alianza sentensi ya Kichina, ikamkatikia, akaanza tena, mabega yakamtikisika. Alipofanikiwa, Daktari Shen alivua miwani akacheka mpaka akapangusa machozi, kisha akaacha kucheka ghafla, akampigia Rachidi meza kwa kiganja na kusema maneno mengi.

"Anasema nini?" Bibi akauliza.

"Anasema alikuwa karibu kumuua mutu mwema. Anasema mutu wa uongo hana dawa." Anouar alitazama sakafu. "Na mi ananigombeza. Anasema mi pia nilidanganya."

Daktari akachukua karatasi, akachora mfuko, ndani ya mfuko akatia vidoti vingi, na kutoka kwenye mfuko akavuta mistari mpaka kwenye kichwa. Akaeleza polepole. Anouar alifuata kwa kidole.

"Mu tumbo muko vidudu vidogo, havionekani. Si vya ugonjwa, ni vya kazi. Vinakula majani, vinakula maharagi. Vikishiba, mishipa ya damu inabaki laini. Ukivilisha chumvi na mafuta tu, na njia imefunga, vinaharibika, na mishipa inakuwa ngumu. Anasema kwao watu wa zamani hawakuviona hivyo vidudu, lakini walianza siku zote na tumbo."

"Kumbe ni wapangaji," Bibi akasema. "Na huyu aliwanyima chakula."

Basi maagizo yakatoka mapya. Mizizi mingine, ya kufungua. Lengalenga kila siku, maharagwe, na bilauri ya ikivuguto asubuhi, yale maziwa yaliyoganda ambayo Bibi amekuwa akiyasifu miaka yote bila kusikilizwa. Vidonge vya Prudence kila siku inayopambazuka, Ijumaa na zisizo Ijumaa. Mizizi haichukui nafasi ya vidonge. Bibi aliitikia kwa kichwa kwa kila neno, kana kwamba ndiye aliyemfundisha daktari.

Likabaki swali moja. Daktari Shen aliliuliza akimtazama Rachidi, si Bibi.

"Anauliza habari ya usingizi," Anouar akasema.

Bibi Asiya akamgeukia mwanawe. Chumba chake kiko upande wa pili wa ua. Hilo hakulijua.

Rachidi aliinua kofia yake. Alimtazama daktari, kisha, kwa mara ya kwanza tangu posa ipokewe, akamtazama Anouar usoni. Kijana alikuwa na duara nyeusi chini ya macho. Hakuwahi kuziona, kwa sababu hakuwahi kutazama.

"Mwambie silali," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Mwambie tangu walipiga mabomu toka kule mu milima, mi nakaa ku mlango. Na viatu. Mama Saliha anafikiri naenda kuswali. Nafungia watu wote wa Kigobe mageti ya chuma, kwangu ni mbao, na nyuma ya ile mbao muko mutoto wangu." Aliivua kofia kabisa, akaishika magotini. "Nawacheka wale wateja. Mwambie naogopa, mwanangu. Mi naogopa kabisa."

Anouar hakutafsiri.

"Na mi vilevile, baba," alisema. "Mi nalala na viatu. Nafikiria kwenu kule, nafikiria Saliha, nasema wakiingia nitafika mbio ao sitafika."

Bibi Asiya hakutania. Alishika goti la mwanawe kwa mkono wake mkavu, akaliacha hapo.

Daktari Shen alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Aliuliza. Anouar akajibu kwa sauti ya chini, maneno mengi, na safari hii ilionekana hakupunguza hata moja, maana daktari aliitikia kwa kichwa kila mara na hakuandika kitu. Kisha akavuta kiti cha pili, akakiweka kando ya kile cha Rachidi, akamwelekeza mkalimani wake akae. Akasema neno fupi, lile la siku ya kwanza. Hilo Rachidi alikwisha lijua bila kutafsiriwa.

Anouar akakaa. Alimtazama baba mkwe wake, masikio yakamwaka, mdomo ukakataa kufunguka.

Rachidi akautoa ulimi wake kwanza, wote, mpaka mwisho, ili mwanawe asione haya.